Njia Imeharibika Leo

Muriel Askew alikuwa amefika kwenye mkia wa herufi Q. Aliyeitarizi alikuwa na mikono mizuri na muda mwingi. Mishono ilikuwa midogo na imebanana, na kila alipopenyeza ncha ya mkasi chini yake aliogopa kulichana shuka lenyewe. Mashuka yalikuwa haba tangu vita. Agizo la wakubwa lilikuwa hakuna hata moja la kutupwa: herufi za zamani zifumuliwe, mhuri mpya upigwe.

Mhuri alikuwa nao Ida Cawthra, mama dobi, kwenye meza ya pili. Alichovya kwenye wino, akapuliza, akagonga. HOSPITALI YA SCARROW.

"Huyu Q ni nani tena?" Ida aliuliza.

"Quarmby. Bwana Jaji."

"Yule aliyekuwa anawahukumu kuku?"

"Alimhukumu jogoo. Kuku aliwaachia huru."

"Basi alikuwa na huruma kuliko majaji wote niliowahi kusimama mbele yao."

Muriel alivuta uzi wa mwisho, akalinyoosha shuka juu ya meza. Uzi ulikuwa umetoka lakini herufi ilibaki. Pale ilipokaa miaka yote, nguo ilikuwa nyeupe kuliko kwingine, na ukiliinamisha shuka kidogo kwenye mwanga wa dirisha ungesoma Q bila taabu.

"Piga mhuri juu yake," alisema.

"Nikipiga hapo itasomeka Hospitali ya Jaji."

"Piga tu, Ida."

Ida akapiga. Kisha akaegemea meza, akalitazama fungu la nguo lililokuwa miguuni pa Muriel. Chini kabisa ya fungu zilionekana pembe za mashuka mazito ya kitani, yenye herufi mbili zilizosokotana kwa uzi wa buluu, A na S.

"Hayo ya chini unayaogopa nini?"

"Siyaogopi. Zamu yake haijafika."

"Shoga, tangu Jumatatu unayashindilia chini. Macho ninayo." Alishusha sauti, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine. "Umemwambia?"

"Bado."

"Gari ni kesho asubuhi."

"Najua gari ni lini."

"Asipoambiwa leo, kesho watamfanya kama Bwana Fenwick."

Wiki iliyopita Bwana Fenwick, mchungaji mstaafu ambaye kwa muda mrefu hakuzungumza na mtu ila farasi wa mkokoteni wa maziwa, alihamishwa. Hakuna aliyemwambia mapema, kila mmoja akidhani mwenzake amesema. Alipowaona wanaume wawili na machela aliukumbatia mhimili wa ngazi kwa mikono na miguu, mzee wa watu, akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Wakamchoma sindano. Akashushwa amefungwa blanketi, kichwa kikining'inia, na ndara yake moja ikabaki kwenye ngazi. Muriel aliiokota. Mpaka leo ilikuwa dirishani mwa chumba chake, kwa kuwa hakujua angeifikishaje kwake.

Alichukua shuka jingine. Si lile la chini.

Zamani watu wa kijijini Hadby walipaita Scarrow Nyumba ya Wendawazimu, lakini ndani neno hilo halikutajwa. Ormerod wa kwanza, daktari, alipoinunua nyumba ile na bustani yake chini ya vilima, alitaka iwe mahali ambapo familia zenye uwezo zingeweza kumleta mtu wao bila aibu. Pasiwe na minyororo wala majoho ya wagonjwa. Aliyeletwa aliitwa mgeni. Alikuja na mashuka yake, vikombe vyake, hata mbwa wake kama hang'ati. Wauguzi hawakuvaa sare. Walivaa kama wageni, wakala meza moja na wageni, na waliitwa wenzi. Muriel alipoajiriwa, msichana wa kutoka nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sufu, jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa dawa. Alifundishwa kushika kisu cha samaki.

Na kila jioni, chakula kikiisha, mama mwenye nyumba alikuwa akikunja kitambaa chake cha mezani, akatupa jicho dirishani, akasema kwa sauti ya mtu anayesikitika kidogo: "Njia imeharibika leo. Laleni hapa hapa."

Na meza nzima ingejibu: "Kama hatutawasumbua."

Ndiyo yaliyokuwa makufuli ya Scarrow. Makomeo yalikuwepo, ndiyo, upande wa nje wa milango, yamevikwa kitambaa kizito yasilie. Lakini yalifungwa baadaye, watu wakishapanda vyumbani kwa hiari yao. Maneno yale yalisemwa theluji ikiwa imefika madirishani, na yalisemwa jioni za Juni ambapo jua lilikataa kuzama na barabara ilikuwa kavu, nyeupe, ikionekana wazi mpaka darajani. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza imeharibika kwa nini. Bwana Jaji mwenyewe, aliyekuwa mbishi kwa kila kitu, hapo alikuwa akiinama na kushukuru.

Ormerod wa kwanza akafa, akaja mwanawe, akaja mjukuu. Vita vya kwanza vilileta maofisa vijana waliotetemeka wakisikia kijiko kikianguka. Vita vya pili vilichukua wenzi karibu wote, wakaenda viwandani. Bibi Ormerod wa mwisho alifariki, na jioni ile ile, kwa kuwa watu walikuwa wameketi wakingoja na hakuna aliyenyanyuka, Muriel alikunja kitambaa chake akasema maneno yale yeye. Tangu hapo yakawa yake. Kisha Ormerod mjukuu naye akaondoka duniani bila mtoto, nyumba ikauzwa kwa serikali, na sasa ilikuwa hospitali ya mifupa na mapafu. Ukumbi wa chakula ulijaa vitanda. Wageni walihamishwa mmoja mmoja, au walikufa kabla ya kuhamishwa. Alibaki Bi Adela Stainforth peke yake.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Daktari Pell. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti lililopwaya, na mara nyingi alisimama mlangoni kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayejaribu kukumbuka amefuata nini.

"Sista Askew. Umeshazungumza naye?"

"Nitazungumza naye wakati wa chakula, Daktari."

"Ulisema hivyo jana."

"Ndiyo, Daktari."

Ida alianza kupiga mihuri kwa bidii ya ghafla.

Daktari Pell akavuta kiti, akakaa. "Nisikilize. Mimi sigombani na desturi zenu. Pengine kwa wakati wake ilikuwa busara. Lakini yule mama hana hati yoyote ya kumzuia hapa. Hakuwahi kuwa nayo. Kaka yake alilipa, yeye akakaa. Kaka amekufa. Angeweza kutoka kwa mlango wa mbele siku yoyote, na hakuna aliyemwambia."

"Hakuuliza."

"Angeulizaje, na kila jioni anaambiwa njia mbovu?" Hakusema kwa ukali. Alijifuta uso kwa viganja. "Nina mchimba makaa amelala kwenye korido, upepo unampiga. Na yeye ni binadamu. Nyumba ya wazee ya Kelbrook nimeiona mwenyewe, ni safi. Atapata kitanda karibu na dirisha, na mlango hautakuwa na komeo. Ni bora kuliko hapa, Sista."

"Najua ni bora."

"Basi mwambie ukweli. Akijua, atakwenda kwa miguu yake. Asipojua…" Akanyanyuka. "Sipendi ile sindano. Usidhani naipenda."

Alipotoka, Ida akasema, "Si mtu mbaya."

"Sikusema ni mbaya."

"Anahitaji kula, lakini. Koti lile linamvaa yeye."

*

Kwa kuwa ukumbi haukuwepo tena, Bi Adela na Muriel walikula kwenye kibanda cha vioo kando ya bustani, kati ya vyungu vya maua yaliyokauka tangu makaa yaanze kutolewa kwa mgawo. Muriel alivua aproni na kofia ya sare akavaa sweta yake ya kijivu. Hilo nalo lilikuwa limekatazwa, lakini halikukatazwa kwa nguvu.

Bi Adela alishuka kama kawaida, na koti la safari, kofia, na mkoba wake wa ngozi ambao kila jioni aliufunga na kila usiku aliufungua. Alikuwa mama mwembamba mwenye mgongo ulionyooka. Hakuna aliyekumbuka vizuri kilichomleta. Ilisemwa alikataa kuolewa, kisha akakataa kula, kisha akakataa kusema. Na kwa kweli alipofika Scarrow alikaa muda mrefu bila neno. Sasa alikula na kusema kama watu wengine, ila alikuwa hapendi kuguswa.

Aliweka mkoba kando ya kiti. "Leo kuna nini, binti yangu?"

"Kondoo, Bi Adela. Na kabichi."

"Kondoo mwenyewe au habari zake?"

"Mfupa upo."

"Basi alikuwepo." Akafungua kitambaa chake. "Umechoka. Uso wako umekuwa kama tambara."

"Ni kazi ya kufumua tu. Macho."

Walikula. Nje mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na barabara ilionekana mpaka darajani. Basi la Hadby lilipita, taa zikiwa zimewashwa. Muriel alikuwa amejiandalia maneno siku tatu: kwamba mambo yamebadilika, kwamba kuna mahali pazuri, kwamba atapelekwa na gari lenye viti laini. Alipoyatafuta hakuyakuta. Alimwona Bwana Fenwick ameukumbatia mhimili wa ngazi. Bakuli la pudingi ya wali lilikuja, likaliwa, likaondolewa.

Bi Adela akaweka mikono mapajani, akangoja. Ulikuwa wakati wa maneno yale.

Muriel alikunja kitambaa. Akatazama dirishani.

"Njia ni nzuri leo, Bi Adela," alisema.

Mama yule hakushtuka. Aligeuza kichwa, akaitazama barabara muda mrefu, jinsi mtu anavyoitazama saa aliyoambiwa imetengenezwa.

"Una hakika?"

"Ndiyo. Imetengenezwa. Gari litakuja kesho asubuhi kukuchukua. Kuna nyumba Kelbrook, wanakungoja. Ungeweza kwenda hata zamani, Bi Adela. Tulikuwa tunasema tu. Niliambiwa nikueleze kweli, na kweli ni hiyo."

"Kelbrook," Bi Adela alisema. "Kuna mto pale." Akashika mpini wa mkoba, kisha akauachia. "Na wewe?"

"Mimi?"

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mimi siendi popote. Nipo hapa."

"Hapana," alisema Bi Adela kwa upole. "Kama njia ni nzuri kwangu, ni nzuri na kwako. Mimi siondoki nikakuacha."

Muriel alidhani amesikia vibaya. "Bi Adela, mimi…"

"Nisikilize, binti yangu, maana sijawahi kukuambia, na pengine nilikosea. Unaukumbuka mwaka ule wa theluji kubwa? Wewe ulikuwa bado mgeni mgeni. Nilikuwa nimeamua kuondoka kwa miguu. Nilijua njia si mbaya kiasi kile, mtu wa mkate alikuwa anapita kila siku. Nilishuka na mkoba huu huu. Nikakukuta umekaa kwenye ngazi na kisu cha samaki mkononi, unalia, unakigeuza hivi, unakigeuza hivi. Nikasema, maskini, huyu hali yake mbaya kuliko yangu. Hakuna anayemwandikia barua. Jumapili hakuna anayekuja kumtazama. Nikasema nitangoja mpaka apate nafuu, maana mgonjwa haachwi peke yake kwenye nyumba ya watu."

Muriel alikumbuka ngazi ile. Alikumbuka kisu. Alikuwa ameambiwa jioni ile kwamba akikosea tena mbele ya wageni atarudishwa kwao.

"Nilikuwa siumwi," alisema. "Nilikuwa kazini. Mimi ni mfanyakazi, Bi Adela. Nalipwa kukaa hapa."

Bi Adela akamtazama kwa huruma kubwa. "Ndivyo walivyokuambia?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi vizuri. Kila mtu huambiwa kitu cha kumtuliza. Bwana Jaji aliambiwa yuko kwenye kikao." Akanyoosha mkono juu ya meza, yeye asiyependa kuguswa, akaugusa mkono wa sweta kwa ncha za vidole. "Miaka mingapi hujatoka nje ya lile lango ukalala kwingine?"

Muriel akafungua kinywa kujibu, akakuta anahesabu. Kulikuwa na mazishi ya mama yake, lakini alirudi jioni ile ile. Kulikuwa na dada yake kule Hull, aliyemwandikia mara moja wakati wa vita kwamba kitanda kipo, na mara ya pili hakukitaja. Chumba chake cha juu, chenye ndara dirishani, kilikuwa kimeshapimwa; kitakuwa stoo ya dawa. Yeye alipangiwa nafasi kwenye bweni la wauguzi pamoja na wasichana wawili wanaosikiliza redio. Karatasi ya kukubali ilikuwa kwenye droo, hajaitia sahihi, na alikuwa anaishindilia chini kama yale mashuka.

Angeweza kubisha. Alikuwa na sare ya kuonyesha, alikuwa na funguo mfukoni. Akauona akilini mhimili wa ngazi, akaona kwamba mtu aliye mbele yake haogopi kuondoka hata kidogo. Alikuwa amekaa hapa kama mtu anayekesha kando ya kitanda.

"Mimi nimeshapona, Bi Adela," alisema mwishowe. "Usiku nalala vizuri."

"Unadanganya. Nasikia sakafu."

"Basi nitapanda gari pamoja nawe kesho. Tutakwenda wote mpaka Kelbrook, unione natoka langoni."

"Na baada ya hapo?"

"Nitarudi. Kuna mashuka sijamaliza."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa basi," Muriel alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile Bi Adela akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Na nikikwambia uje Jumapili kunitazama, utakuja?"

"Nitakuja."

"Maana wewe hukuwa na wa kukutazama, na mimi nilikuwepo kila siku."

"Ndiyo," alisema Muriel. "Ulikuwepo."

*

Walimkuta Daktari Pell kwenye korido, amesimama karibu na kitanda cha mchimba makaa, anavuta pazia la turubai upande wa upepo. Alimwona Bi Adela na mkoba wake, akamwona Muriel bila aproni, akangoja.

"Amekubali," Muriel alisema. "Atakwenda kwa miguu yake. Lakini nimemwahidi nitamsindikiza."

"Kesho? Na wodini nani atabaki?"

"Sijui, Daktari."

"Usimkatie tamaa huyu," Bi Adela alimwambia daktari, kwa sauti ya kumwombea mtu. "Ameendelea vizuri sana. Safari fupi itamfaa."

Daktari Pell alimtazama yule mama, halafu Muriel, halafu yule mama tena. Mchimba makaa alikohoa.

"Mimi naona mwache aende, Dokta," mchimba makaa akasema kutoka kwenye blanketi. "Mimi sitakufa kesho. Nimeshaulizia."

"Rudi kabla ya giza, Sista," alisema Daktari Pell. Kisha, baada ya kufikiri, "Tafadhali."

Ida alikuwa ameshaondoka kwenye chumba cha kushonea, mhuri ameufunika kwa kitambaa. Bi Adela alisema hana usingizi, na kama kuna kazi inayomzuia mtu asiondoke, basi afadhali ipunguzwe. Muriel akainama, akatoa mashuka ya kitani kutoka chini ya fungu. Bi Adela aliyapapasa.

"Mama yangu aliyatarizi haya. Alidhani ni ya harusi." Akavuta kiti chini ya taa. "Nipe mkasi."

Mikasi haikuwa ikipewa wageni wa Scarrow. Muriel alimpa.

Walikaa bega kwa bega, kila mmoja na pembe yake. Bi Adela alifumua A polepole, akiweka kila kipande cha uzi wa buluu juu ya goti. Muriel alianza S kutoka mkiani. Uzi ulikuwa imara, na macho yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba mshono mmoja aliuona kama miwili. Juu yao wodi ilikuwa ikigawiwa chai ya mwisho, magurudumu ya kitoroli yakilia.

Bi Adela alipomaliza A aliikunja pembe ile ndani asiione. Akakusanya nyuzi, akazitia mkobani. Akanyanyuka, akatazama dirishani, ambako hapakuwa na cha kuona ila kioo na wao wawili.

"Njia ni nzuri," alisema, "lakini giza limeshaingia. Lala hapa hapa leo, binti yangu."

"Kama sitawasumbua," alisema Muriel.

Alimsikiliza akipanda ngazi, mlango ukifungwa, na hakuna komeo lililofuata. Kisha akarudi kwenye S. Alikuwa amefika nusu yake. Kulikuwa na mashuka mengine matano ya kitani, na foronya, na chini yake taulo za watu ambao hakuwakumbuka tena. Alijaribu mishono mingine miwili mitatu, akakosa uzi, akachoma kidole. Akachukua sindano ya kushonea mezani, akaichomeka pale alipoishia ili kesho jioni, akirudi, apaone. Akazima taa, akaenda juu kuifunga ile ndara kwenye gazeti. Kelbrook ni upande ule ule walikompeleka Bwana Fenwick.